Kigoga cha Himalaya na mkrismasi wa uani: uadimu hupimwaje?

Weka picha mbili kando kwa kando. Moja ni ya mkrismasi uliochanua pembeni mwa barabara ya Tanga au Mombasa, mwekundu kuanzia kileleni hadi kwenye matawi yanayokaribia kugusa paa la nyumba. Nyingine ni ya kimmea cha kijani chenye urefu wa sentimita moja hivi, kimejibanza kwenye ufa wa mwamba huko Tibet, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu akikuuliza upi kati ya hiyo ni adimu, utajibu kabla hajamaliza kuuliza, na utakuwa umepata.

Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo kazi inapoanza. Majibu yanayotujia haraka ni kwamba kilicho adimu ni dhaifu, ni cha kale, kimepitwa na wakati. Na kilichoenea ni imara, kimeshinda. Nimechagua mimea hii miwili kwa sababu inayavunja majibu hayo moja baada ya jingine, na kwa sababu naamini namna tunavyouelewa uadimu ndiyo inayoamua tutahifadhi nini na tutaacha nini kife.

Kimmea cha Tibet kinaitwa Takakia. Ni kigoga, yaani mmoja wa ile mimea midogo laini inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, kwenye magogo yanayooza, kwenye kuta za visima na chini ya bomba linalovuja. Vigoga havina maua, havina mbegu wala mizizi ya kweli. Duniani kuna takriban spishi 12,000 za vigoga, nyingi zikiwa za kawaida kabisa. Jenasi ya Takakia, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi mbili tu, nazo hupatikana kwa vipande: Himalaya na Tibet, Japani, Mlima Kinabalu kisiwani Borneo, pwani ya British Columbia nchini Kanada, na visiwa vya Aleutian vilivyo Alaska.

Mkrismasi, ambao jina lake la kisayansi ni Delonix regia, ni mti wa familia ya mikunde, kwa hiyo una undugu na kunde, choroko na mkwaju. Ukiyatazama maganda yake utauona undugu huo mara moja, ingawa ganda la mkrismasi ni gumu na linaweza kufika urefu wa sentimita 60. Mti wenyewe hauendi juu sana. Hupanuka kuliko unavyorefuka, ndiyo maana unapendwa uani na kwenye viwanja vya shule. Kwetu huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, na jina likatokea hapo. Kule Florida au India, walio kaskazini ya ikweta, mti uleule huchanua kati ya Mei na Julai, na hakuna anayeuhusisha na Krismasi.

Mwaka 1981, mwanaikolojia wa Marekani Deborah Rabinowitz alitoa njia ya kulichambua neno hili “adimu” ambayo bado inatumika. Alisema tusiulize swali moja, tuulize matatu. Mmea unapatikana katika eneo kubwa la dunia au dogo? Unaweza kuishi katika mazingira ya namna nyingi, au unadai mazingira ya aina moja tu? Na pale unapopatikana, upo kwa wingi au ni mmoja mmoja? Kila swali lina majibu mawili, kwa hiyo kwa pamoja kuna hali nane. Katika hizo nane, ni moja tu ambayo mmea unastahili kuitwa wa kawaida kwa kila kipimo: eneo kubwa, mazingira mengi, idadi kubwa. Saba zilizobaki zote ni uadimu wa namna fulani, na kila mmoja una chanzo chake na hatari yake.

Sasa mpime Takakia. Kwa swali la kwanza, utashangaa: eneo lake ni kubwa mno. Kutoka Tibet hadi Alaska, ukipitia Japani na Borneo, ni maelfu ya kilomita. Kwa swali la pili na la tatu ndipo inapoanguka. Inataka baridi, unyevu wa kudumu na mwamba, na hata inapovipata vyote hivyo hukaa kwa mafungu madogo yaliyotawanyika. Uadimu wake ni wa kuchagua mahali, si wa kukosa dunia.

Kisha mpime mkrismasi, lakini si ule wa uani. Mpime ule wa porini, ambao haukupandwa na mtu. Asili yake ni Madagaska, na hata huko si kisiwa kizima: ni misitu mikavu ya magharibi na kaskazini, ile inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, hasa kwenye ardhi ya mawe ya chokaa. Basi kwa swali la kwanza la Rabinowitz, mkrismasi wa porini una eneo dogo kuliko kigoga tunachokiita adimu. Mwaka 1998 shirika la uhifadhi la IUCN liliuorodhesha mti huu miongoni mwa mimea iliyo hatarini porini, kwa sababu misitu hiyo ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Tathmini za baadaye ziliushusha kutoka kundi hilo, lakini ukataji wa misitu mikavu ya Madagaska haukukoma.

Tafakari hilo kidogo. Wakati maelfu kwa maelfu ya mikrismasi ilikuwa inachanua kutoka Zanzibar hadi visiwa vya Karibi, mti huohuo ulikuwa kwenye orodha ya hatari nyumbani kwake. Orodha hazikukosea. Zilikuwa zinahesabu kitu tofauti na kile tunachokiona barabarani.

Kwa nini basi mmoja umeizunguka dunia na mwingine umebaki kwenye nyufa zake? Sehemu kubwa ya jibu imo katika miili yao, na hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia haraka ilhali ndilo kiini cha tofauti yote.

Kila mmea wa nchi kavu huishi vizazi viwili vinavyopokezana. Kizazi cha kwanza kina seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) katika kila seli, nacho ndicho kinachotengeneza yai na mbegu za kiume. Yai likisharutubishwa hutokea kizazi cha pili, chenye seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Hiki cha pili hutengeneza spora, yaani chembe ndogo za uzazi, na spora ikiota inarudisha kizazi cha kwanza. Mzunguko huu wanao vigoga, wanao migomba, wanao mibuyu. Kinachotofautiana ni kizazi kipi kilichochukua ukubwa.

Kwa kigoga, kile kijani unachokiona na kukigusa ni kizazi chenye seti moja. Kizazi cha seti mbili ni kikonyo chembamba chenye kidonge cha spora, kinachosimama juu ya mama yake na kulishwa naye mpaka kikauke. Kwa mkrismasi ni kinyume kabisa. Shina, matawi, majani, maua, vyote ni kizazi cha seti mbili. Kizazi cha seti moja kimepungua hadi kujificha ndani ya chembe ya chavua na ndani ya seli chache za ua. Kwa hiyo tunapoviweka kigoga na mti kando kwa kando tunalinganisha vizazi visivyolingana. Mwenzake halali wa kile kimmea cha Tibet si mti mzima wa uani. Ni vumbi la manjano linalobaki kwenye vidole vyako ukigusa ua lake.

Hili lina matokeo makubwa. Seli ya mkrismasi ina kromosomu 28, jozi 14. Jeni ikiharibika kwenye upande mmoja, mara nyingi nakala ya upande wa pili huziba pengo. Seli ya Takakia lepidozioides ina kromosomu nne tu, na ya mwenzake Takakia ceratophylla ina tano, zote zikiwa katika seti moja. Hakuna nakala ya pili. Jeni ikiharibika, mmea unaubeba uharibifu huo wazi, na mionzi ya jua la mita 4,000 ni adui mkubwa wa DNA, kemikali ambayo jeni zimeundwa nayo. Tutalirudia hili, kwa sababu ndipo Takakia inapoonyesha uwezo wake.

Tofauti ya pili ni uzazi. Mbegu ya kiume ya kigoga huogelea. Bila utando wa maji kati ya mmea dume na mmea jike, hakuna yai litakalofikiwa. Kwa Takakia hata hilo limekuwa shida. Mimea dume na vidonge vya spora vimepatikana kwa spishi moja, Takakia ceratophylla, tena katika visiwa vya Aleutian. Kwingineko mimea huonekana kuendelea kwa vipande kumeguka na kuota upya. Kipande kilichomeguka hakiendi mbali, na hakibebi mchanganyiko mpya wa jeni.

Ukosefu huo wa vidonge ndio uliowachanganya wataalamu kwa zaidi ya karne. Mimea ya kwanza iliyokusanywa Himalaya ilielezwa mwaka 1861 na William Mitten, mtaalamu wa Uingereza, naye akaiweka kwenye kundi jingine la mimea midogo lililo jirani na vigoga. Mwaka 1951 Noriwo Takaki aliipata katika milima ya Japani, na mwaka 1958 ikapewa jina la jenasi linalomkumbuka. Bado ubishi ukabaki: majani yake ni vijiti vya mviringo vilivyogawanyika hadi kwenye kitako, jambo lisilo la kawaida kwa vigoga, na haina hata vile vinyweleo ambavyo vigoga vingine hutumia kujishikiza kwenye mwamba. Jibu lilitangazwa mwaka 1990, baada ya vidonge kupatikana Aleutian. Kidonge chake hupasuka kwa mpasuko mmoja unaozunguka kwa mshazari, kikiwa juu ya kikonyo imara kama cha kigoga. Ubishi ukafungwa: Takakia ni kigoga, ingawa ni cha pekee.

Mkrismasi haukuwa na shida hizo. Ua lake ni kubwa, lina petali nne nyekundu na ya tano iliyosimama yenye madoa meupe na manjano, na wageni wake ni ndege na wadudu wanaoruka mbali. Halafu kuna mbegu. Mbegu ni mtoto aliyefungashiwa masurufu ya safari: kiini kimo ndani, chakula chake kipo pembeni, na ganda limefungwa. Ganda la mbegu ya mkrismasi ni gumu kiasi kwamba waotesha miche hulikwaruza au kulimwagia maji ya moto ili lipitishe maji. Likiachwa hivyohivyo linaweza kulala muda mrefu kabla ya kuota. Mbegu ya namna hiyo inaweza kusafiri baharini miezi kadhaa ndani ya bahasha ikiwa kavu, na ikifika ikaota. Kipande cha Takakia hakiwezi safari hiyo.

Ila tusiipe mbegu sifa zote. Miti mingi ya misitu mikavu ya Madagaska ina mbegu ngumu, na hujawahi kuisikia. Kilichouvusha mkrismasi bahari ni mkono wa mtu. Aliyeutambulisha kwa wanasayansi ni Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia (leo sehemu ya Ucheki) aliyeishi Mauritius, ambaye katika miaka ya 1820 alikusanya mimea Madagaska na pia Zanzibar, Pemba na Mombasa. Aliukuta mti huu umepandwa kwenye mwambao wa mashariki wa Madagaska, mbali na asili yake ya magharibi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1829. Baada ya hapo ulisambazwa na bustani za kikoloni, wapanda miti wa barabarani, mashule na watu wa kawaida waliookota ganda njiani wakalipeleka nyumbani, mpaka nchi ya Saint Kitts na Nevis huko Karibi ikaufanya ua lake kuwa ua la taifa.

Watu hawakuupanda kwa sababu ni imara. Matawi yake huvunjika kwenye upepo mkali, na mizizi yake inayotambaa juujuu hupasua sakafu na kuta za karibu. Waliupanda kwa sababu ni mzuri na unatoa kivuli kipana. Wingi wake ni hesabu ya mapenzi yetu, na siku mapenzi hayo yakihamia mti mwingine, mikrismasi mingi mijini haitajaza nafasi yake yenyewe.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mkrismasi una ndugu wa damu kwetu, Delonix elata, mwenyeji wa nyika kavu kuanzia Tanzania na Kenya kupitia Somalia hadi Uarabuni na Oman. Maua yake ni meupe na hugeuka manjano yanapozeeka. Karibu spishi zote nyingine za jenasi hii ni za Madagaska, kwa hiyo huyu ni mmoja wa wachache walioota bara bila kupandwa. Watu wengi wa pwani wanaoujua mkrismasi tangu utotoni hawajawahi kumwona huyu, na vitalu vya miche mijini humjaza mgeni huku mwenyeji akikosa hata jina kwenye orodha ya bei.

Turudi Himalaya, kwenye kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: kudhani kwamba cha kale ni kilichosimama.

Takakia ilitengana na vigoga vingine yapata miaka milioni 390 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na ua hata moja duniani; mimea yenye maua inaanza kuonekana wazi kwenye visukuku vya miaka milioni 130 hivi iliyopita. Huko Mongolia ya Ndani, nchini China, vimepatikana visukuku vya miaka milioni 165 vya mmea ambao kwa umbo hautofautiani sana na Takakia ya leo. Ukiishia hapo utasema huyu ni mzee aliyelala, asiyebadilika tangu zama za dinosauri.

Mwezi Agosti 2023, timu ya watafiti wa China na Ujerumani ilichapisha matokeo yanayosema vingine. Miongoni mwao walikuwa Ruoyang Hu na Yikun He wa Chuo Kikuu cha Capital Normal cha Beijing, na Ralf Reski wa Chuo Kikuu cha Freiburg. Kati ya mwaka 2010 na 2021 timu hiyo ilifunga safari 18 kwenda kwenye Takakia za milima ya Tibet, mahali ambapo mimea hufunikwa na theluji kwa miezi minane ya mwaka, kisha theluji ikiondoka inaachwa chini ya jua kali lenye mionzi mingi ya urujuanimno. Walisoma jeni zake zote, zaidi ya 27,000. Wakakuta kwamba idadi kubwa ya jeni za kigoga hiki zimekuwa zikibadilika kwa kasi, hasa zile zinazohusika na kurekebisha DNA iliyoharibika na kustahimili mionzi. Ile seti moja isiyo na nakala ya akiba ilihitaji mafundi wa ukarabati, na mafundi hao wamenolewa kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Mpangilio wa matukio ndio unaonivutia zaidi. Milima ya Himalaya ilianza kunyanyuka pale bamba la India lilipoligonga bara la Asia, kati ya miaka milioni 65 na 50 iliyopita. Umbo la Takakia lilikuwepo zamani kabla ya hapo, kama visukuku vinavyoonyesha. Mmea haukupanda mlima. Mlima uliunyanyua, polepole, ukauingiza katika baridi na mionzi. Umbo likabaki lilelile huku ndani jeni zikibadilika kuufuata mlima. Anayetazama kwa macho tu anaona kitu kilichoganda. Anayesoma jeni anaona mmea uliokuwa unafanya kazi usiku na mchana.

Kwa hiyo yale maneno yetu ya haraka, dhaifu na kilichopitwa na wakati, hayamhusu huyu. Takakia imevuka maangamizi yaliyowaondoa dinosauri. Tatizo lake ni jingine kabisa, nalo ni kasi. Mlima uliinuka kwa mamilioni ya miaka. Joto la sasa linapanda ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Katika miaka ya utafiti huo, barafu za eneo hilo zilikuwa zinarudi nyuma, na eneo lililofunikwa na Takakia lilikuwa linapungua kwa takriban asilimia 1.6 kila mwaka, haraka kuliko vigoga vingine vinne vilivyochunguzwa mahali hapo. Asilimia 1.6 inaonekana ndogo ukiisoma upesi. Ipigie hesabu: kasi hiyo ikiendelea bila kubadilika, nusu ya mimea inakuwa imetoweka katika miaka 43 hivi. Watafiti walikadiria kwamba ifikapo mwisho wa karne hii, maeneo yanayoifaa Takakia duniani kote yatabaki kati ya kilomita za mraba 1,000 na 1,500. Hiyo ni pungufu ya kisiwa cha Unguja, tena ikiwa imegawanyika kwenye vilele vilivyotengana kwa bahari.

Mmea wa bondeni joto likipanda unaweza, kizazi baada ya kizazi, kusogea juu. Uliokwisha kufika karibu na kilele hauna pa kwenda. Na kwa kuwa Takakia ya Tibet haionekani kutoa spora, haina hata njia ya kurukia mlima mwingine.

Ukiijua tofauti hii ya sababu, unaona kwamba dawa moja haiwezi kuifaa mimea yote miwili. Mkrismasi ukipungua porini, una akiba mbili: mbegu ngumu zinazoweza kukaushwa na kuhifadhiwa kwenye benki ya mbegu, na miti iliyopandwa duniani kote. Hata hivyo akiba ya pili haina thamani inayodhaniwa. Mti wa mjini kwa kawaida umetokana na mbegu za mti jirani ambao nao ulipandwa, kwa hiyo miti mingi inaweza kuwa uzao wa wazazi wachache. Utajiri wa jeni uko kwenye misitu ya Madagaska, na kinachohitajika huko kinajulikana: nishati nyingine badala ya mkaa, na misitu inayolindwa pamoja na watu wanaoishi pembeni yake.

Kwa Takakia hakuna mbegu za kuweka benki. Timu ile ya Beijing imekuwa ikikuza mimea maabara na kuihamishia kwenye maeneo ya majaribio Tibet, na baadhi imeshika na kuendelea kuishi. Ni kazi ya heshima, na naiombea ifanikiwe. Lakini mmea uliohamishiwa umewekwa kwenye hewa ileile inayopata joto. Anayeweza kuupa mwamba wenye baridi ya kutosha si mtaalamu wa mimea. Ni nchi zinazochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, nyingi zikiwa mbali na Tibet.

Msomaji wa Morogoro au Moshi anaweza kusema kigoga cha Tibet hakimhusu. Nitamjibu kwa kigoga cha karibu yake. Katika miaka ya 1970 Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyefanya kazi Morogoro, alipima maji yanayoshikwa na vigoga na mimea mingine midogo inayoishi juu ya miti katika milima ya Uluguru. Kwenye msitu wa juu wenye ukungu, ambako magome na matawi hayaonekani kwa kufunikwa, alipata kwamba hekta moja inaweza kushika takriban lita 50,000 za maji katika mvua moja. Maji hayo hayaporomoki na udongo. Hudondoka taratibu, huingia ardhini, hulisha vijito vinavyoingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Vigoga vingi katika hivyo si adimu kwa kipimo chochote kati ya vile vitatu. Hakuna atakayeviweka kwenye orodha ya hatari, na ndiyo sababu vinaweza kupotea bila mtu kuandika chochote. Msitu wa mlimani ukikatwa kisha ikapandwa miti mipya, iwe mikrismasi au mikaratusi, takwimu zitasema idadi ya miti imerudi. Magome ya miche hiyo yatakuwa matupu. Ukungu hauna pa kushika, na vigoga huchukua miaka mingi kutanda upya, ikiwa kivuli na unyevu bado vipo. Kwa hiyo anayesimamia upandaji kwenye vyanzo vya maji vya Uluguru, Usambara au Kilimanjaro ana sababu ya kuongeza safu moja kwenye daftari lake: mbali na idadi ya miche iliyoshika, aandike pia ni sehemu gani ya magome ya miti ya zamani iliyobaki bado imefunikwa kijani, na alirudie zoezi hilo kila mwaka mahali palepale.